Ni Nani Aliyeutundika Ubao Huu Juu?



Tangu tulipotoka chuo cha ualimu na kukabidhiwa kazi ya kuzungukia matawi ya chama, tumeingia katika madarasa mengi ya watoto wadogo, mjini na shamba. Karibu kila tulipoingia tulikuta jambo moja lililotukera kuliko paa linalovuja. Ubao umetundikwa juu. Umewekwa pale ambapo mtu mzima huandika bila kuinama. Mtoto wa miaka mitano, hata akisimama kwa ncha za vidole, mkono wake haufiki. Kazi yake katika chumba kile ni kukaa chini, kutazama juu na kuitikia.

Wako watakaosema kwamba hili ni jambo dogo mno kuandikwa katika gazeti la chama. Sisi twasema si dogo hata kidogo. Ubao ule umetundikwa na fundi, fundi kaelekezwa na mkuu wa shule, mkuu wa shule kafuata mfano wa darasa alilosomea yeye, na mfano wa darasa lile uliletwa na watu waliotaka makarani na matarishi wa kusema "Ndiyo, Bwana." Bendera yao ilishushwa Desemba 1961. Ubao wao ungali juu.

Wakoloni hawakuwa na haja na mtoto wa Kiafrika wa miaka mitano. Waligawa shule kwa rangi, za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mbali, na fedha nazo zikafuata rangi. Mwafrika aliyebahatika kupata nafasi alikalishwa kwa mistari akafundishwa kunakili. Mgawo ule wa rangi ulivunjwa mwanzo wa 1962, na waliouvunja wanastahili sifa zote. Lakini namna ya kukaa haikuvunjwa. Tulipoanza kuwachukua watoto wa miaka mitano tuliwaingiza katika nyumba ile ile, tukapunguza ukubwa wa sare tu.

Haki lazima isemwe: kwa karatasi nchi yetu haina aibu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 iliitambua elimu ya awali kuwa sehemu ya elimu rasmi. Sera ya 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima kabla ya darasa la kwanza. Mtaala wa 2016, ambao sisi tulifundishwa chuoni, haukupangwa kwa masomo ya kikubwa. Ulitaka mtoto ajue kuhusiana na wenzake, kuwasiliana, kutunza afya yake, kutunza mazingira yake, kufanya kazi za sanaa na kuanza hesabu. Kipindi ni dakika 20. Darasa liwe na kona za kujifunzia, ambamo mtoto atashika, atapanga, atabomoa na kupanga tena. Mwalimu mmoja awe na watoto 25. Na mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 nao wataka mtoto mdogo ajifunze kwa michezo. Haya si maneno ya Wazungu yaliyotafsiriwa. Yameandikwa kwa Kiswahili na watu wetu, na mtu yeyote aliyewahi kulea mtoto ataona kuwa ni maneno ya kweli.

Basi, hebu tutoke katika karatasi.

Ada ilipofutwa, mwaka 2016, wazazi wa nchi hii waliitika kwa kishindo. Watoto walioandikishwa awali waliruka kutoka kama milioni 1 mwaka 2015 hadi zaidi ya milioni 1.5 mwaka uliofuata. Nusu milioni kwa mwaka mmoja! Wale waliokuwa wakisema kwamba mwananchi wa shamba haijui thamani ya elimu walipaswa siku ile kufumba midomo yao. Lakini vyumba havikuongezeka kwa nusu, wala walimu waliosomea kazi ya watoto wadogo hawakuongezeka kwa nusu. Mlango ulifunguliwa, na ndani ya nyumba hapakupangwa.

Mwaka jana tulikaa asubuhi nzima katika darasa moja la awali. Wilaya hatutaitaja, wala shule, kwani mwalimu wake hana kosa. Tulihesabu watoto 83. Mwalimu mmoja. Chumba kilikuwa zamani ghala la vitabu, dirisha moja, na lile dirisha lilikuwa juu kuliko vichwa vya watoto wote. Mwalimu akaandika herufi tano ubaoni, akachukua fimbo ndefu ya kuonyeshea, wakaanza kuimba: a, e, i, o, u. Wakaimba mpaka sauti zikakauka. Mtoto mmoja karibu nasi alikuwa na kizibo cha soda mkononi. Alikuwa akikisimamisha juu ya sakafu kwa ukingo wake, kikianguka anakisimamisha tena, amekaza macho kama fundi wa saa. Katika darasa lile zima yeye peke yake alikuwa akijifunza kitu. Mwalimu alipomwona alikichukua kile kizibo akakitupa dirishani.

Hatumcheki mwalimu yule. Sisi wenyewe, tulipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, tulifanya mabaya kuliko hayo. Tulipewa darasa la watoto wadogo wiki sita. Tulikuwa tumesoma habari za kona za kujifunzia, tumezifanyia mtihani, tumefaulu. Siku ya kwanza watoto walipoanza kupiga kelele tuliingiwa na hofu kwamba mkuu wa shule atatuona hatuwezi kazi, tukawaamrisha wafunge mikono kifuani na kuweka vidole midomoni. Wakanyamaza. Mkuu wa shule akapita, akatusifu. Tulisifiwa kwa kuwanyamazisha watoto 60 wa miaka mitano! Mpaka leo tukilikumbuka jambo hilo twaona haya.

Hapo ndipo penye mzizi wa maneno. Mtaala mwema umeandikwa, lakini anayekuja kukagua anatazama daftari lililojaa na darasa lililo kimya. Mwalimu si mjinga. Hupanga darasa lake kwa kumtazama yule atakayemhukumu. Kona ya duka yenye makopo na mizani ya vifuu itamletea kelele, na kelele zitamletea lawama. Fimbo na wimbo wa herufi havimletei lawama yoyote.

Sasa tugeuke upande wa pili wa barabara, maana huko kuna kasumba kubwa zaidi. Wako mabwana waliofungua shule wanazoziita inglishi midiamu. Nje kuna ukuta uliochorwa katuni za Amerika, na basi la njano. Ndani, mtoto wa miaka mitatu anafanyiwa usaili kabla ya kuingia bebi klasi. Usaili! Mtoto ambaye bado anafungiwa viatu na mama yake anaulizwa maswali kwa Kiingereza na mtu asiyemjua, na akilia ati hakufaulu. Akipokewa anapewa mabegi, madaftari, kazi za kwenda kufanya nyumbani, na mwisho wa mwaka anavishwa joho na kofia ya pembe nne, anapigwa picha kama mtu aliyehitimu Makerere. Amehitimu nini? Amehitimu kutaja rangi kwa lugha ambayo bibi yake haijui.

Tena katika baadhi ya shule za namna hiyo mtoto aliyeponyokwa na Kiswahili huvishwa kibao shingoni. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake cha 1986 jinsi watoto wa Kenya ya kikoloni waliokutwa wakisema Kigikuyu shuleni walivyochapwa, au wakavikwa kibao cha kuwaaibisha. Wakati ule waliofanya hivyo walikuwa na mkoloni nyuma yao. Leo twalipia ada ili tufanyiwe.

Na mabwana hawa wana majina mazuri ya kutundika mlangoni. Wengi hupenda jina la Montessori. Je, wamewahi kuuliza mama yule alikuwa nani? Maria Montessori alikuwa daktari wa Kitaliano. Nyumba yake ya kwanza ya watoto aliifungua Januari 1907 katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, mtaa wa makabwela, kwa watoto ambao wazazi wao walikwenda vibaruani na kuwaacha wakizurura ngazini. Alitengeneza viti ambavyo mtoto aliweza kuviinua mwenyewe, na kabati ambazo mtoto aliweza kuzifungua mwenyewe. Alianza na maskini, akakishusha kila kitu mpaka kimo cha mtoto. Hapa kwetu jina lake linauzwa kwa matajiri.

Hatusemi haya ili kuwafurahisha wasomaji wetu, kwani wengine hawatafurahi. Tunawajua viongozi wa chama hiki, tena wasemaji hodari wa majukwaani, ambao Jumapili husifu Kiswahili mpaka watu wakapiga vigelegele, na Jumatatu alfajiri watoto wao wanasimama kando ya barabara kusubiri lile basi la njano. Ndugu hao tukiwauliza hujibu, "Nyinyi ni vijana, hamjapata watoto. Kiingereza ndicho kazi." Hatuwatukani. Mzazi ana haki ya kumwogopea mwanawe umaskini. Lakini yafaa wajibu swali moja: ikiwa darasa la awali la kijijini si zuri kwa mtoto wa katibu, limekuwaje zuri kwa mtoto wa mkulima aliyempigia makofi katibu yule? Siku ambayo watoto wa viongozi wataketi juu ya jamvi lile, ndiyo siku jamvi litakaponunuliwa jipya.

Na hoja yenyewe, kwamba mtoto asipoanza na Kiingereza hatakijua kamwe, si ya kweli. Nchini Nigeria, mwaka 1970, Profesa Babs Fafunwa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ife walianza mpango wa kuwafundisha watoto wa shule ya msingi kwa Kiyoruba miaka yote sita, na Kiingereza wakafundishwa kama somo. Watoto wale hawakubaki nyuma ya wenzao. Walifanya vizuri zaidi, hata katika hicho Kiingereza. Ikiwa ni hivyo kwa mtoto wa miaka kumi, itakuwaje kwa wa miaka mitano, ambaye bado anaokota maneno ya kwao?

Lakini hapa twataka kuwaonya na sisi wenyewe tunaoipenda lugha ya taifa. Mtoto wa Kisukuma anayefika shuleni Maswa, au wa Kiha anayefika shuleni Kibondo, mara nyingi hajui Kiswahili ila maneno machache. Kwake yeye Kiswahili nacho ni lugha ya shule. Mwalimu akimfokea kwa Kiswahili tangu saa mbili asubuhi, mtoto haoni tofauti kati ya mwalimu huyo na yule wa inglishi midiamu. Mwalimu wa awali lazima ajue kusalimu, kubembeleza na kutega kitendawili kwa lugha ya mahali, kisha amvushe mtoto taratibu mpaka Kiswahili. Wako ndugu watakaosema kwamba huu ni ukabila. La. Ukabila ni kumnyima mtu kazi kwa jina la babu yake. Kumwambia mtoto "karibu ndani" kwa maneno anayoyafahamu si ukabila.

Tunaambiwa pia kwamba Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, alitaka umri wa kuanza shule upandishwe, kwa hiyo hizi habari za watoto wa miaka mitano ni anasa. Alisema hivyo kweli. Lakini msome vizuri: aliyasema kwa sababu wakati ule watoto walio wengi walimaliza la saba wakarudi shambani, na aliyeanza akiwa na miaka mitano au sita alitoka bado mdogo wa kubeba jembe la watu wazima. Leo toleo la 2023 la sera ya elimu limeweka elimu ya lazima kuwa miaka kumi. Sababu ile imekwisha. Iliyobaki ni ile nyingine ya kijitabu kile, kwamba shule isimtenge mtoto na watu wake. Na hakuna mahali mtoto anapotengwa na watu wake mapema kama katika darasa la awali lililopangwa vibaya.

Je, kupanga vizuri ni fedha? Fedha yahitajika, hatukatai. Serikali ilete vyumba na walimu, na tutaendelea kuipigia kelele mpaka ilete. Lakini twakataa katakata udhuru wa kwamba mpaka hapo hakuna la kufanya.

Mombasa, katika miaka ya 1980, wazazi wa Kiislamu waliona watoto wao hawaingii shuleni wakiwa tayari kama wengine. Kwa msaada wa Aga Khan mpango ukaanzwa, na Bi Swafiya Said, mwalimu wa pale pale, ndiye aliyeuanza kazi. Hawakuleta samani kutoka Ulaya. Walichukua madrasa zilizokuwapo, wakawafunza kina mama wa mitaani kuwa walimu, wakaunganisha dini na Kiswahili na michezo, vifaa wakatengeneza kwa vitu vinavyopatikana pwani. Mpango ule ukavuka mpaka Zanzibar na Uganda. Na kabla ya hapo, kina mama wa vijiji vyetu vya ujamaa waliwakusanya watoto chini ya mwembe wakati wa kilimo, mmoja akibaki kuwatazama na kuwapikia uji, wala hawakungoja mfadhili.

Tazameni chumba chochote cha awali katika kata zenu, mkipange akilini pamoja nasi. Madawati yale ya kukalia watatu watatu yatolewe, yapewe darasa la nne. Majamvi yatandikwe. Pembe moja iwe duka: makopo matupu, mawe madogo ya fedha, vizibo. Hapo mtoto atajifunza kujumlisha na kutoa kabla hajaijua alama yake, na pia atajifunza kungoja zamu, jambo ambalo watu wazima wengi katika foleni zetu bado hawajalijua. Pembe ya pili iwe na magunzi, mbegu za aina mbalimbali na kete za bao, za kupanga, kutenga na kuhesabu. Ya tatu iwe ya udongo wa mfinyanzi na majivu ya rangi, na iwe karibu na mlango ili uchafu utoke upesi. Ya nne iwe ya vitabu, na kama vitabu havipo, iwe ya mzee: bibi au babu mmoja aje mara mbili kwa wiki kusimulia hadithi za sungura na fisi. Mzee huyo apewe kiti, na jina lake liwekwe katika ratiba ya shule kama mwalimu mwingine yeyote, si kama mgeni wa kuombwa hisani.

Ratiba nayo ifuate jua. Kukicha kuna baridi na watoto wana nguvu. Hapo ndipo pa kucheza nje, kuruka kamba, ukuti, kibe. Jua likipanda waingie kivulini kwa hadithi na kazi za mikono. Uji unyweke saa nne, si saa sita wakati mdogo amekwisha kusinzia. Yule aliyesinzia aachwe alale; jamvi halikutandikwa kwa mapambo. Na tukiwa na watoto 83 wala si 25, basi wagawanywe, nusu wawe nje na mama mmoja wa kijiji, nusu wawe ndani na mwalimu. Si dawa ya ugonjwa, ni kanga ya kufungia kidonda mpaka daktari aje.

Na choo. Hatutaki kuandika mengi juu ya choo, lakini hatuwezi kunyamaza. Tumeona watoto wanaokataa kwenda haja tangu asubuhi mpaka saa sita kwa kuwa shimo la shule limechimbwa kwa kipimo cha watu wazima nao wanaogopa kutumbukia. Mtoto aliyejizuia saa nne nzima hasikii a wala e. Tundu dogo na ubao imara wa kukanyagia ni kazi ya fundi mmoja siku moja.

Ndugu zetu wa Kenya waliiweka elimu ya awali chini ya serikali za kaunti kwa Katiba ya 2010, na tangu hapo mpiga kura wa kule anajua ni mlango wa nani wa kugonga. Kwetu, shule hizi zi mikononi mwa halmashauri. Basi twawaambia madiwani wa chama hiki, kila mmoja, asome bajeti ya wilaya yake na aulize kwa sauti: darasa la awali limewekewa nini? Asikubali kujibiwa kwamba limo ndani ya shule ya msingi. Kuwamo kwenyewe ndiko kulikolifanya lipewe ghala. Aulize pia mwalimu wa awali huteuliwa vipi, maana tumeona mahali pengi mwalimu aliyechoka, au aliyekosana na mkuu wa shule, hupelekwa kwa watoto wadogo kama adhabu. Kazi ngumu kuliko zote shuleni imefanywa jela ya walimu!

Tawi letu halikungoja. Mkuu wa shule yetu ya kata amekubali, baada ya maneno mengi, kutuachia chumba cha awali siku ya Jumamosi ijayo kuanzia saa mbili asubuhi. Seremala mmoja mwanachama atakuja na msumeno kukata miguu ya meza mbili, na kina mama wameahidi majamvi matatu. Mwenye gunia la vizibo, magunzi au vifuu aje nalo. Sisi tutakuja na nyundo, na kazi ya kwanza itakuwa kung'oa ule ubao na kuushusha mpaka usawa wa kifua cha mtoto wa miaka mitano. Tumekwisha kumpima mmoja.